Hermann von Wissmann, askari na gavana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiwauliza watu majina ya Wajerumani waliotawala Tanganyika, wengi watakutajia Carl Peters, yule "Mkono wa Damu", na Von Lettow wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wissmann hutajwa mara chache. Ajabu yake ni kwamba ndiye aliyeiteka pwani nzima, kuanzia Tanga hadi Mikindani, ndani ya mwaka mmoja tu, na mengi yaliyofuata, kuanzia jeshi la askari mpaka uliwali na uakida (vyeo vya wenyeji waliosimamia miji na vijiji) wa enzi ya Mjerumani, yalipita mikononi mwake. Haya ni maswali ambayo watu huuliza sana kumhusu, wengi wao wakiwa wanafunzi, waongoza watalii na wenyeji wa miji ya pwani.

Wissmann alikuwa nani hasa?

Alikuwa ofisa wa jeshi la Ujerumani na msafiri aliyevuka Afrika. Kati ya 1889 na 1891 alikuwa kamishna wa dola katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kuanzia 1895 hadi 1896 akawa gavana wa koloni hilo. Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1853 huko Frankfurt an der Oder, mji wa mashariki ya Ujerumani usiohusiana na ile Frankfurt kubwa inayojulikana. Alikufa tarehe 15 Juni 1905, akiwa na miaka 51. Hilo "von" katika jina lake hakuzaliwa nalo, alipewa na Kaisari mwaka 1890 kama tuzo ya kazi aliyoifanya pwani yetu.

Alifikaje Afrika?

Kwa bahati ya kukutana na mtu. Mwaka 1874 alikuwa luteni kijana katika kikosi cha Rostock, kaskazini mwa Ujerumani. Alijulikana kwa ukorofi, na aliwahi kufungwa kwa sababu ya kupigana dueli. Hapo Rostock akajuana na Paul Pogge, ambaye tayari alikuwa amefika kwa watu wa Lunda, ndani kabisa ya Afrika ya Kati. Pogge alikuwa anajiandaa kurudi na alihitaji mwenzake. Luteni akaomba ruhusa jeshini, akasoma kidogo elimu ya viumbe na jiografia, kisha wakapanda meli kwenda Luanda, Angola.

Ni kweli alivuka bara zima kwa miguu?

Ndiyo, tena mara mbili, ingawa sehemu nyingine alipanda ng'ombe au mtumbwi, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika kama ya wasafiri wote wa zama zile.

Safari ya kwanza ilianza Angola mwaka 1881. Yeye na Pogge wakafika kwa Kalamba Mukenge, mtemi wa Wabaluba wa mto Lulua, katika Kongo ya leo. Kisa cha mtemi huyu kinastahili kitabu chake. Alikuwa amewaamuru watu wake wachome hirizi na sanamu za kale, akaanzisha ibada mpya iliyowaunganisha watu kwa kuvuta bangi pamoja. Wafuasi waliitwa Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Wazungu wale wawili walipokewa vizuri mno, na Kalamba mwenyewe akawasindikiza safarini akiwa na watu wake.

Wakafika Nyangwe, soko kubwa la Waarabu na Waswahili kando ya mto Lualaba, Aprili 1882. Hapo Pogge akageuka kurudi magharibi. Wissmann akaendelea peke yake na msafara mdogo, akavuka Ziwa Tanganyika, akapita Urambo kwa mtemi Mirambo, na Novemba 1882 akatokea baharini Saadani. Miaka saba baadaye angerudi Saadani hiyo hiyo na manowari.

Mara ya pili, 1886 hadi 1887, alitoka Kongo, akapita tena Nyangwe, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, akatokea upande wa Msumbiji.

Alifanya nini Kongo?

Alimtumikia Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji. Novemba 1884 alianzisha kituo cha Luluaburg, ambacho leo ndicho mji wa Kananga, kisha mwaka 1885 akashuka na mto Kasai mpaka ulipomwaga maji yake katika mto Kongo. Wazungu walikuwa hawajajua Kasai inaishia wapi. Wenyeji wa pale walijua siku zote, lakini hakuna aliyewauliza kwa ajili ya ramani.

Huku Kongo aliona jambo alilolisimulia maisha yake yote. Katika safari ya kwanza alipita kwa watu wa Bena Ki, akastaajabia vijiji vyao vikubwa vyenye barabara ndefu zilizonyooka, nyumba nadhifu na mashamba. Aliporudi miaka michache baadaye alikuta majivu na mafupa, watu wametekwa au wameuawa na wavamizi wa watumwa. Simulizi hii ilisomwa sana Ujerumani, nayo ndiyo iliyomjengea jina la mpiganaji dhidi ya utumwa. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Kwa nini aliletwa pwani mwaka 1889?

Kwa sababu kampuni ya Wajerumani ilishindwa. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Mwezi Agosti mwaka ule ule maofisa wa kampuni wakaanza kupandisha bendera yao katika bandari na kudai ushuru. Huko Pangani, ofisa wao Emil von Zelewski alifanya kiburi cha kupita kiasi mbele ya liwali wa Sultani, na hadithi ya watu wake kuingia msikitini na mbwa ilienea pwani nzima. Mji ukachemka. Sultani akamtuma Mwingereza Lloyd Mathews kwenda kutuliza hali, naye akarudi mikono mitupu. Huko Kilwa Wajerumani wawili wa kampuni waliuawa Septemba 1888. Mwisho wa mwaka, kampuni ilikuwa imeshikilia Bagamoyo na Dar es Salaam tu, na hata hapo ni kwa msaada wa manowari.

Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakupenda kulipia makoloni. Lakini bendera ilikuwa imeshatupwa chini. Kwa sheria ya Februari 1889 bunge la Ujerumani likakubali kutoa marki milioni 2, na kwa jina rasmi sheria ile ilihusu kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Wissmann akateuliwa kamishna. Husimuliwa kwamba Bismarck hakumpa maagizo marefu, alimwambia ashinde tu.

Jeshi lake lilitoka wapi?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana watu wengi hudhani pwani ilitekwa na Wazungu. Wajerumani walikuwa wachache sana, maofisa na masajini kadhaa. Waliobaki wote walikuwa Waafrika walioajiriwa.

Kundi kubwa lilikuwa Wasudani, kama 600 hivi. Hawa walikuwa wanajeshi waliowahi kuitumikia Misri. Vita vya Mahdi vilipoichukua Sudani kutoka mikononi mwa Misri, wengi walibaki Kairo bila kazi wala mshahara. Wissmann akaenda kuwachukua huko huko. Walikuja na wake zao na watoto, wakiwa wameshazoea nidhamu ya kambi. Vyeo vyao vya jeshi la Misri, vyenye asili ya Kituruki, vikabaki katika jeshi la Wajerumani kwa miaka yote iliyofuata: ombasha, shaushi, betishaushi, soli, na juu yao efendi. Ukisikia mzee wa zamani akitaja shaushi, mzizi wake ni hapo.

Kundi la pili walikuwa vijana kama 350 kutoka Msumbiji ya Mreno, upande wa Inhambane. Wajerumani waliwaita Wazulu, lakini wengi wao walikuwa Washangaani. Kulikuwa pia na Waswahili wachache na Wasomali. Silaha zilikuwa bunduki za Mauser, mizinga midogo ya Krupp na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Upande wa pili ulikuwa na magobori, mikuki na mizinga mikukuu.

Jeshi hili lilijulikana kama jeshi la Wissmann, kama vile ni mali yake binafsi, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Machi 1891 likageuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni, lile ambalo lingepigana Maji Maji na baadaye kumfuata Von Lettow. Tom von Prince, aliyeitwa Sakarani, alianzia katika kikosi hiki.

Vita na Abushiri vilikwendaje?

Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa na shamba la miwa Mwera, karibu na Pangani, na alikuwa na ugomvi wa zamani na Sultani wa Zanzibar kabla hata ya kugombana na Wajerumani. Hakuwa mtu wa porini. Mwaka 1888 alimkamata Hans Meyer, msafiri wa Kijerumani aliyekuwa akitoka Usambara pamoja na mwenzake, akawaachia baada ya kulipwa fidia. Mwaka uliofuata Meyer huyo akapanda Kilimanjaro mpaka kileleni. Wajerumani wengine waliokutana na Abushiri walimsimulia kama mtu mwenye adabu na akili ya vita.

Wissmann alipofika mwishoni mwa Machi 1889 alikuta Abushiri yuko kwenye mapatano ya kusimamisha vita na mkuu wa manowari za Kijerumani, Admiral Deinhard. Mapatano yale yakavunjwa. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann akatoka Bagamoyo na jeshi lake pamoja na mabaharia, akaishambulia ngome ya Abushiri iliyokuwa mwendo mfupi nje ya mji. Ilikuwa boma la magogo lenye mahandaki. Mizinga ilipiga kwanza, kisha Wasudani wakaingia. Zaidi ya watu 100 wa Abushiri waliuawa siku ile. Mwenyewe akaponyoka.

Kutoka hapo miji ikaanguka mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu ule ule: manowari zikipiga mabomu kutoka baharini, askari wakishuka ufukoni. Saadani ilianguka Juni, Pangani na Tanga Julai. Abushiri akakimbilia bara, akaivamia stesheni ya Wajerumani Mpwapwa, akarudi na Wambunga ambao watu wa pwani waliwaita Mafiti. Msaada huo ulimgharimu. Mafiti waliteka nyara vijiji vya Uzaramo bila kubagua, na wenyeji waliokuwa wakimuunga mkono Abushiri wakamgeuka. Oktoba 1889 jeshi hilo lilipigwa Yombo.

Desemba alikamatwa. Hakukamatwa na Mjerumani: Jumbe Magaya wa Kwa Mkoro, ambako alikwenda kutafuta hifadhi akiwa amechoka na amebaki karibu peke yake, alimfunga na kumtoa, maana kichwa chake kilishatangaziwa zawadi. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani.

Na Bwana Heri wa Saadani?

Bwana Heri bin Juma alikuwa mgumu zaidi, na kwa maoni yangu vitabu vya shule vinamdhulumu kwa kumpa mstari mmoja. Alikuwa Mzigua, mtawala wa Saadani ambaye hata Sultani wa Zanzibar hakuweza kumwamrisha. Saadani ilipochomwa alijenga boma jingine bara, na likavunjwa, akajenga jingine. Kilichomshinda hatimaye ilikuwa njaa. Watu wake walijisalimisha Aprili 1890 wakiwa wamedhoofu.

Wissmann hakumnyonga. Alimwacha arudi kuujenga upya mji wake, kwa mapatano yaliyopitia kwa Sleman bin Nasor al-Lamki, mshauri wake wa Kiarabu ambaye baadaye alikuwa liwali. Tofauti ya Abushiri na Bwana Heri inaonyesha hesabu za Wissmann. Mmoja alikuwa na jina lililowaunganisha watu wa makabila mbalimbali, ikabidi aondoke. Mwingine alikuwa na watu wake wa kuwatawala, akaonekana atafaa. Hesabu ile nayo haikudumu, kwani mwaka 1894 Bwana Heri alinyanyuka tena, kisha akakimbilia Zanzibar.

Je, kusini kulipigwa vita pia?

Mei 1890. Kilwa, Lindi na Mikindani zilichukuliwa ndani ya siku chache. Kilwa Kivinje ilipigwa mabomu kutoka baharini, na askari walipoingia walikuta mji karibu mtupu.

Kwa hiyo alikuja kukomesha utumwa au siyo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu fupi ni kwamba utumwa ulikuwa bendera ya vita na si sababu yake.

Aliyoyaona kwa Bena Ki yalikuwa ya kweli, na hakuna haja ya kudai kwamba alijifanya. Wavamizi wa watumwa waliiangamiza nchi ile. Lakini angalia mambo yalivyokwenda. Ghasia za 1888 zilianza kwa sababu ya bendera, ushuru, ardhi na heshima ya watu, na waliopigana walikuwa pamoja na majumbe, wapagazi, wakulima wa Kizigua na hata watumwa wenyewe. Bunge la Ujerumani lilikuwa na chama cha Wakatoliki ambacho kisingetoa fedha kwa ajili ya kampuni ya wafanyabiashara, lakini kingetoa kwa ajili ya kupinga utumwa. Bismarck alilijua hilo vizuri. Manowari za Ujerumani na Uingereza zikaizunguka pwani kwa jina la kuzuia watumwa na silaha.

Baada ya ushindi, je, watumwa waliachiwa huru? Hapana. Uvamizi na biashara ya kuuza watu nje vilipigwa marufuku na wahusika wakaadhibiwa, wakati mwingine kwa kunyongwa. Lakini kumiliki mtumwa nyumbani au shambani kuliendelea kuruhusiwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani walitoa amri tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Wissmann alihitaji maliwali, maakida na matajiri wa pwani wamsaidie kutawala, na watu hao walikuwa na watumwa. Aliamua nani wa kumkera na nani wa kumbembeleza.

Alipigana bara pia, au pwani tu?

Pwani zaidi. Lakini Februari 1891 alipanda Kilimanjaro kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, mtawala mwenye nguvu kuliko wote mlimani wakati ule, ambaye alikuwa na boma la mawe na mapango ya kujificha. Mangi Rindi wa Moshi, hasimu wa Sina wa miaka mingi, alitoa wapiganaji wake kwa moyo mkunjufu. Kila mmoja kati ya Rindi na Wissmann alidhani anamtumia mwenzake. Aliyefaidika kwa muda mrefu tunamjua.

Kwa Mkwawa hakufika. Zelewski, yule wa Pangani, ndiye aliyekwenda Uhehe na kuuawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 pamoja na sehemu kubwa ya msafara wake. Wakati huo Wissmann alikuwa ameshaondolewa madarakani.

Kwa nini aliondolewa mwaka 1891?

Fedha. Alitumia kuliko alizopewa na alikuwa mvivu wa kuandika hesabu. Zaidi ya hayo, Berlin ilitaka utawala wa kiraia baada ya Sultani kulipwa marki milioni 4 na pwani kuwa mali ya dola. Julius von Soden, mwanadiplomasia, akaletwa kuwa gavana wa kwanza.

Meli ya Wissmann ya Ziwa Nyasa ilikuwa yake?

Iliitwa jina lake na aliipeleka mwenyewe. Kamati ya kupinga utumwa ya Ujerumani iliendesha bahati nasibu kutafuta fedha, ikanunua meli ya mvuke, na Wissmann akapewa kazi ya kuifikisha ziwani. Ilikwenda vipande vipande kupitia mito Zambezi na Shire, ikibebwa na wapagazi pale maporomoko yalipozuia njia, na ikaunganishwa upya mwaka 1893. Wakati huo huo akaanzisha kituo cha Langenburg kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa.

Kisa chake cha baadaye ni cha kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani waliita Sphinxhafen. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa meli ya Kiingereza Guendolen. Tarehe 13 Agosti Guendolen ikatokea na kuanza kupiga mizinga. Berndt hakuwa na habari kwamba vita vimeanza Ulaya, akaenda kumfokea rafiki yake, akachukuliwa mateka. Kuna wanaoita tukio hilo ushindi wa kwanza wa majini wa Uingereza katika vita vile.

Meli ya Ziwa Tanganyika yenye jina la Hedwig von Wissmann ni nyingine, nayo iliitwa kwa jina la mkewe. Hedwig alikuwa binti wa Eugen Langen, tajiri wa sukari na mashine wa Cologne, na walioana mwaka 1894. Meli ile ilizamishwa na Waingereza tarehe 9 Februari 1916.

Ugavana wake wa 1895 ulikuwaje?

Mfupi na wa kukatisha tamaa, kwake yeye. Umaarufu wake Ujerumani ulikuwa mkubwa mno kiasi kwamba ilikuwa vigumu kumnyima cheo. Lakini aliporudi Dar es Salaam alikuta mambo yamebadilika: gavana anakaa ofisini na jeshi lina kamanda wake. Kamanda huyo alikuwa Lothar von Trotha, ambaye miaka tisa baadaye aliongoza mauaji ya kimbari ya Waherero kule Namibia. Kwa mtu aliyezoea jeshi kuitwa kwa jina lake, hali hiyo haikuvumilika.

Tukio kubwa la damu la ugavana wake ni Kilwa. Hassan bin Omari, anayejulikana zaidi kama Makunganya, alikuwa mtawala na mfanyabiashara wa Kiyao aliyewasumbua Wajerumani kusini kwa miaka mingi, na Septemba 1894 watu wake waliivamia boma ya Kilwa. Novemba 1895 alikamatwa. Barua zilizokutwa kwake zilionyesha kwamba baadhi ya wakubwa na matajiri wa mjini walikuwa pamoja naye. Makunganya na wenzake wakanyongwa kwenye mwembe Kilwa Kivinje, na mahali hapo mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga.

Ni kweli ndiye aliyeanzisha pori la Selous?

Chanzo chake, ndiyo. Mei 1896 alitoa amri ya uwindaji kwa koloni zima: leseni za kuwinda, vikwazo vya kuua tembo wadogo, na maeneo yaliyotengwa ambamo uwindaji ulikatazwa. Eneo moja lilikuwa upande wa Kilimanjaro, jingine Rufiji. Hili la Rufiji liliendelea kupanuliwa na watawala waliofuata, Waingereza wakaliita Selous mwaka 1922 kwa kumkumbuka mwindaji Frederick Selous aliyepigwa risasi Beho Beho Januari 1917, na mwaka 2019 sehemu kubwa yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wissmann pia alihudhuria mkutano wa London wa mwaka 1900 kuhusu kuhifadhi wanyama wa Afrika.

Wahifadhi humsifu kwa hilo. Ni haki yao, lakini amri hiyo ina upande wa pili. Mzungu mwenye fedha alikata leseni akaendelea kuwinda. Mwanakijiji aliyekuwa akipata kitoweo na kulinda shamba kwa mtego akawa jangili kwa maandishi ya karatasi moja, na ugomvi wa vijiji na mapori ya hifadhi haujaisha mpaka sasa.

Kwa nini aliacha ugavana?

Afya mbaya, na ule mvutano na jeshi. Aliondoka 1896, na Eduard von Liebert akachukua nafasi. Kodi ya nyumba, ambayo watu wengine humbambikia Wissmann, ilitangazwa wakati wa Liebert.

Alikufaje?

Kwa bunduki yake mwenyewe, akiwa mawindoni karibu na Liezen huko Austria. Amezikwa makaburi ya Melaten, Cologne, mji wa ukoo wa mkewe.

Kulikuwa na sanamu yake Dar es Salaam?

Ilikuwepo. Ilizinduliwa mwaka 1909, kazi ya mchongaji Adolf Kürle. Wissmann alisimama juu, mkono kwenye upanga, akitazama mbali. Chini yake alisimama askari wa Kiafrika akimtazama kwa kuinua kichwa, na bendera ya Ujerumani ikimfunika simba aliyekufa. Mwafrika aliyefanya kazi ya kupigana amewekwa chini kama sehemu ya kitako cha sanamu.

Waingereza walipoichukua Dar es Salaam waliiondoa kama nyara ya vita. Baadaye Ujerumani iliirudisha kwake, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, ambacho kilitokana na taasisi ya kufundisha maofisa wa makoloni. Wanafunzi waliiangusha mara ya kwanza mwaka 1967, ikarudishwa. Mwaka 1968 wakaiangusha tena na haikusimamishwa tena pale. Mwaka 2004 msanii mmoja aliitoa ghalani na kuiweka bandarini Hamburg kwa zaidi ya mwaka mmoja, watu wajadiliane la kufanya.

Basi Sanamu ya Askari ya Posta ni hiyo hiyo?

Hapana. Ile ya Samora Avenue iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza.

Ujerumani wanamkumbuka leo?

Kidogo, na kwa ubishi. Miji kadhaa ilikuwa na mitaa yenye jina lake. Mtaa wa Neukölln, Berlin, ulibadilishwa jina mwaka 2021 na sasa ni Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya Lucy Lameck wa Moshi, mwanaharakati wa TANU na mmoja wa wanawake wa kwanza katika serikali ya Tanganyika. Kama Mangi Sina angesikia kwamba Berlin imemtoa Wissmann na kumweka binti wa Kilimanjaro, sidhani kama angelia.

Kuna maandishi ya Kiswahili ya wakati ule kuhusu vita hivi?

Yapo, na ni hazina. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni na mshairi wa pande za Tanga aliyekuwa upande wa Abushiri, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi mara tu baada ya mambo kutokea. Humo utaona pwani inavyojieleza yenyewe, kwa hasira, kejeli na dua. Msomaji anayemjua Wissmann kutoka kwenye maandishi ya Wajerumani peke yake amesikia upande mmoja wa kesi.

Nikitaka kuona mahali mambo haya yalipotokea, niende wapi?

Anzia Bagamoyo. Mnara mdogo wa Dunda, ambao Wissmann aliujenga mwaka 1889 kulinda mji, bado umesimama, na nyumba za mawe za wakati ule zipo. Hapo Bagamoyo ndipo alipowafikisha Stanley na Emin Pasha Desemba 1889 walipotoka bara, na usiku ule ule Emin akaanguka kutoka ghorofani wakati wa karamu. Pangani inafaa siku mbili, uvuke mto kwa pantoni. Kilwa Kivinje watu wengi huiruka kwa haraka ya kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu. Usiiruke, muulize mzee yeyote pale akuonyeshe Mwembe Kinyonga.